Shafti Kutoka Nuu

Mbinya alikuwa hajawahi kumwona mkwewe usoni, na hakuona kama amepungukiwa na kitu. Mgongo wake aliujua vizuri. Aliijua kofia yake ya kaki, aliujua mwendo wake wa kutupa mabega kama mtu aliyeitwa mbele kupewa nishani, na sauti yake aliijua kuliko alivyotaka, kwa maana Ndolo alikuwa mtu wa kuongea na kilima kizima. Lakini uso, hapana. Tangu siku alipomwoa Nthenya, binti yake wa pekee, akamtoa Matinyani na kumpandisha huko Kilungu kwenye milima ya ukungu, wawili hao waliishi katika nthoni, ile heshima ya Wakamba inayomkataza mama mkwe na mume wa bintiye wasitazamane, wasisemezane wala wasitajane majina. Kanisa lilikuwa limewaondolea watu pombe na ngoma, lakini nthoni hata wahubiri waliizunguka kwa mbali. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani. Ndolo, kwa kweli, aliingia upesi.

Kulikuwa na njia ya kuimaliza. Mwanamume humletea mkwewe blanketi, naye akilipokea, basi, wanaweza kusalimiana kama watu wengine. Ndolo alikwisha kutuma habari kwamba analo blanketi, jipya, zito, la mistari myekundu. Mbinya akajibu kupitia kwa bintiye kwamba Matinyani hakuna baridi.

Si kwamba alimchukia. Alimwona mtu wa maneno mengi tu. Mwanamume wa kutegemewa, kwa hesabu ya Mbinya, alikuwa na ng'ombe na mizinga ya nyuki. Huyu alikuwa na gari. Lilikuwa gari kuukuu la abiria, mbele bati na nyuma mbao, lililokwisha kumchosha mzungu mmoja wa shamba la mkonge na mwenye duka mmoja Mhindi kabla ya kufika mikononi mwa Ndolo. Alilitumia kubeba watu kutoka Kilungu hadi stesheni ya reli na hadi Machakos, na lilipougua alilitibu mwenyewe, kwa kuwa alikuwa amefanya kazi karakana ya Machakos mpaka akaiva. Alikuwa fundi kweli, hilo Mbinya hakulikana. Ubaya ni kwamba mtu wa kwanza kulisema alikuwa Ndolo mwenyewe.

Mwaka ule nzige walikuwa wamekwisha kupita na mashamba yameanza kupona, na Nthenya, baada ya miaka ya kungoja hadi majirani wakaacha kuuliza, alikuwa na mimba kubwa. Mbinya akafunga safari kutoka Matinyani na kiondo, kikapu alichokuwa akikisuka, ili awe karibu na mwanawe. Alipofika Kilungu alimkuta mkunga wa kilima amekaa mlangoni na mikono yake imelowa mafuta.

"Mtoto amekingama, amelala akikatiza tumbo," mkunga akamwambia. "Nimemgeuza, amerudi. Nimemgeuza tena, amerudi tena. Huyu anataka mikono ya hospitali, na afikishwe kabla uchungu haujaanza. Ukianza akiwa hivi hapa juu, mimi sitakuwa na la kufanya."

Mbinya hakulia. Aliuliza swali moja tu, gari liko wapi.

Gari lilikuwa uani, limepandishwa juu ya mawe, pua yake wazi kama kuku aliyenyonyolewa. Shafti ya stelingi ilikuwa imekatika. Ni ule mti wa chuma unaoshuka kutoka kwenye usukani mpaka ndani ya kisanduku, na mwisho wake wa chini una mitaro iliyozunguka kama skrubu. Katika mitaro hiyo hupita kidole cha chuma. Dereva akizungusha usukani, kidole hupanda au hushuka, na magurudumu ya mbele hufuata. Ilikatika hapo hapo juu ya mitaro, gari likiwa limesimama, na Ndolo alimshukuru Mungu kwa sauti iliyosikika bonde la pili.

Alikuwa ameipeleka kwa Musyoka, mhunzi wa kilima, amwunganishie. Musyoka aliipindua mara moja akairudisha. "Nakutengenezea jembe, nakutengenezea mshale," alisema. "Chuma kinachoshika roho za watu siungi. Tafuta kizima." Basi Ndolo akatuma habari kwa midomo ya madereva, kutoka gari hadi gari, mpaka zikafika Nuu kwa rafiki yake Muktar.

Muktar alikuwa Msomali mwenye duka na mifugo, mtu mrefu wa maneno machache, na mtu wa Nuu aliyetaka kitu alikwenda kwake kwanza. Alifika Kilungu siku moja baada ya Mbinya, ameteremka kutoka lori la ngozi, shafti begani imefungwa gunia.

"Nimekuletea dawa," akasema, akaifungua. "Hii imetoka gari ya Mwamerika, yule alikuja kuwinda. Injini ilikufa pale Nuu, akaiacha. Saa hii mbuzi zangu zinalala ndani. Gari ni ile ile yako, Ndolo, pacha kabisa."

"Pacha," Ndolo akarudia, na macho yake yakacheka. Akatandika gunia kando ya ghala la nafaka, akazilaza shafti mbili bega kwa bega. Akazipima kwa kamba, zikalingana. Akapima unene, ukalingana. Akaingiza usukani kwenye kichwa cha ile mpya, ukakaa barabara. "Kesho asubuhi na mapema tunakwenda Machakos," akatangaza. "Mimi ndiye Ndolo." Halafu akaenda kula.

Sasa, nyuma ya ghala hilo ndipo alipokuwa amekaa Mbinya. Ndiyo ilikuwa nafasi yake mchana kutwa, maana kutoka hapo alisikia yote na hakuonwa na asiyetakiwa kumwona. Alikuwa akisokota uzi wa kiondo juu ya paja, kiganja mbele, kiganja nyuma, kama alivyofanya tangu alipokuwa msichana. Ndolo alipoondoka, alinyosha shingo akazitazama shafti. Hakuwa na haja nazo. Alizitazama kwa sababu zilikuwa pale.

Mkono wake ukasimama.

Mitaro ya shafti ya zamani ilipanda ikielekea kulia, kama uzi wake mwenyewe. Ile mpya ilipanda ikielekea kushoto. Mbinya alikuwa na shangazi, marehemu sasa, aliyetumia mkono wa kushoto, na uzi wake ulijipinda hivyo hivyo. Wanawake wa Matinyani walimpenda shangazi yule, lakini hakuna aliyekubali kuuchanganya uzi wake na wao, kwa sababu nyuzi mbili zilizosokotwa kinyume zikiwekwa kamba moja, ukivuta zinafumuka. Mbinya akaweka kidole chake kwenye mtaro wa zamani akaufuata, kisha kwenye mpya. Kidole kilikwenda huku, halafu kikaenda kule. Akamwita bintiye.

"Mwambie mwenye gari," akasema, kwa kuwa jina hakulitaja, "hivi vyuma viwili havikusokotwa na mkono mmoja."

Nthenya akaenda mdogo mdogo, mkono kiunoni, akayasema maneno hayo. Ndolo alikuwa hatua chache tu, ndani ya jiko, na Mbinya alisikia kila neno la jibu lake. Lakini nthoni ni nthoni, ilimbidi ajifanye hakusikia mpaka bintiye amfikishie.

"Mwambie mwaitu asante sana," Ndolo alisema, na kumwita mkwe mama kwa Kikamba ilikuwa heshima, ingawa ndani yake kulikuwa na kicheko. "Mwambie chuma si uzi, hakifumuki. Mitaro ikienda huku, ikienda kule, kidole kinapita tu. Mimi nimefunga hizi stelingi karakana mpaka nikachoka."

Nthenya akarudi, akafungua kinywa.

"Nimesikia," Mbinya akamkata. "Mimi si kiziwi."

Akageuza kigoda chake, akaupa uwanja mgongo. Chuma si uzi. Haya. Kama mwanamume mwenye kofia anajua kila kitu, mwanamke wa Matinyani ana nini cha kuongeza? Angeweza kumtuma Nthenya mara ya pili. Angeweza kumwita Muktar, ambaye hakuwa mkwe wa mtu yeyote pale, na kumwonyesha kwa kidole. Hakufanya hivyo, kwa sababu alikuwa amekasirika, na hasira ya kuchekwa na mtu usiyeruhusiwa kumjibu ni mbaya kuliko zote. Alisokota uzi mpaka paja likawa jekundu.

Nyuma yake kazi ilikwenda kwa kelele. Ndolo aliiteremsha shafti mpya ndani ya bomba lake, akaimba wimbo wa kanisani, akaingia chini ya gari, akatoka, akaomba spana, akajipa spana mwenyewe. Alipaka grisi kana kwamba anampaka mtoto mafuta. Jua lilipoanza kulegea akapanda kwenye kiti, magurudumu ya mbele yakiwa bado hewani juu ya mawe, akaushika usukani akauzungusha.

"Muktar! Zinageuka?"

"Zinageuka," Muktar akajibu.

"Na sasa?"

"Zinageuka pia."

"Nilisema mimi!" Na hivyo ndivyo wanaume wawili wenye akili timamu walivyolipima lile gari. Aliyeketi juu hakuyaona magurudumu, na aliyeyaona hakuulizwa yanageuka upande gani. Mbinya angeweza kuona vyote viwili kutoka pale alipokuwa, lakini alikuwa ameupa uwanja mgongo.

Asubuhi kulikuwa na ukungu mwepesi na Nthenya alikuwa kimya, jambo ambalo Mbinya hakulipenda. Walimtandikia ngozi na magunia ya majani huku nyuma. Sasa likabaki suala la mama mkwe kupanda gari moja na mkwe wake, kitu ambacho hakuna mtu Kilungu nzima aliyewahi kukiona wala kukisikia. Ndolo alikuwa amekwisha kukifikiria. Alileta lile blanketi la mistari myekundu, akalitundika nyuma ya kiti cha dereva kutoka juu hadi chini, akalifunga pembe zake kwa waya. Mbele ya blanketi wangekaa yeye na Muktar, nyuma yake wanawake wawili. Mbinya alingoja hadi mgongo ulipotazama upande mwingine, akapanda, akakaa, akakichukua kichwa cha bintiye mapajani. Mbele ya pua yake blanketi lilinuka upya wa dukani. Ni zito kweli, akajisemea, na akaona vibaya kwamba amelisifu.

Gari likaguruma. Uwanja wa Ndolo ulikuwa umechongwa kwenye ubavu wa kilima. Ukitoka langoni, njia inakata kushoto mara moja na kuukumbatia mlima; upande wa kulia hakuna njia, kuna matuta ya mahindi yanayoshuka moja baada ya jingine, na chini kabisa, mto wenye mawe. Kila mtu wa pale aliutoka uwanja ule akielekea kushoto, hata ng'ombe. Gari likashuka polepole mpaka langoni, likapita.

"Kushoto," Ndolo akasema, kama dereva anayependa kusikika.

Na gari likaenda kulia.

Mbinya alilihisi kabla hajaliona. Pembeni mwa gari hakukuwa na kioo, kulikuwa na nafasi wazi, akatoa kichwa. Gurudumu la mbele lilikuwa limeielekea ile miteremko. Mbele ya blanketi Ndolo alipiga mlio kooni, akazidi kuzungusha. Gurudumu nalo likazidi kuelekea mtoni. Breki za gari lile zilikuwa za kuombewa. Alizikanyaga, magurudumu ya nyuma yakaganda, na gari likateleza juu ya changarawe yenye umande, pole, bila haraka, kama mtu anayekwenda mahali anapopajua.

"Nazungusha kushoto!" Ndolo akalia. "Muktar, nazungusha kushoto!"

Muktar akataja jina la Mungu.

Basi Mbinya akaelewa. Halikuwa jambo la kufikiri, lilikuwa jambo la mkono, la kiganja mbele na kiganja nyuma, la uzi wa shangazi. Alilishika lile blanketi kwa mikono yote miwili akalivuta waya zikakatika. Mbele yake kulikuwa na shingo iliyolowa jasho na bega la kaki. Akalikamata bega.

"Ndolo," akasema. "Zungusha kulia."

Hakupiga kelele. Mtu yeyote mwingine angeyasema maneno hayo, Muktar, mkunga, au hata Nthenya, Ndolo asingeyasikiliza, kwa sababu kulia ndiko kulikokuwa na mto na macho yake yote mawili yaliuona. Lakini sauti hii haikuwahi kumwambia neno tangu alipozaliwa. Ilikuwa imemwita jina. Na mwanamume wa Kikamba anaweza kubishana na mzungu, na askari, na mchungaji wa kanisa akipenda. Amri ya mama mkwe hana pa kuikatalia. Ndolo akazungusha kulia, kuelekea mtoni, akifumba macho.

Gari likakata kushoto. Gurudumu la mbele lilibomoa ukingo wa tuta la kwanza, likapanda tena njiani, na pua ikaenda kugonga ukuta wa mlima taratibu, ikazima.

Mahali pengine watu wangekumbatiana. Hapa Ndolo alikuwa ameshusha kofia mpaka kidevuni, na Mbinya amejifunika uso wote kwa shuka, na kila mmoja alitamani kilima kimmeze.

"Kwa nini mnanyamaza?" Muktar akauliza, akiwatazama huyu na huyu. "Tumepona, alhamdulillahi."

"Mama," Nthenya akasema kutoka pale chini, sauti nyembamba, "umemwita jina."

"Nimemwita."

"Na umemshika bega."

"Nimemshika," Mbinya akajibu ndani ya shuka. "Sikio lingekuwa karibu, ningeshika sikio."

Hapo Nthenya akaanza kucheka, akijishika tumbo kwa mikono miwili na kuomba wasimchekeshe, na hakuna aliyekuwa akimchekesha.

Ndolo akateremka. Alizunguka gari, akaenda akasimama njiani na mgongo kwao, akiutazama mlima ambao hakuwa na haja ya kuutazama.

"Nthenya, mwambie mwaitu," akaanza. Kisha akasema mwenyewe, kwa ule mlima, bila ile sauti ya bonde la pili. "Mwaitu. Uliona jana. Nikacheka."

"Niliona," Mbinya akajibu. "Nikasema mara moja. Ilikuwa niseme mara mbili."

Yakaisha hayo. Ndolo akavua koti, akaingia chini ya gari, na aliyetoka baadaye alikuwa fundi, si msemaji. Alimuuliza Muktar swali ambalo hakuuliza jana: yule Mwamerika, usukani wake ulikuwa upande gani?

"Kushoto," Muktar akasema. "Nilidhani ni tabia ya Wamerika tu."

"Ni tabia yao. Anakaa kushoto, kila kitu chake kimegeuzwa, hata mitaro." Ndolo akapiga goti mavumbini. "Na shafti nyingine hakuna, na hakuna siku ya kuitafuta. Lakini angalia hapa." Akaonyesha mkono mfupi wa chuma uliotoka kando ya kisanduku ukaning'inia chini, ambao huusukuma na kuuvuta ufito mrefu uendao kwenye magurudumu. "Huu ukining'inia unasukuma. Nikiusimamisha, ukatazama juu, pale uliposukuma utavuta. Kosa juu ya kosa, litanyooka."

Kichwa kilichoushika mkono ule kilikuwa cha pembe nne, kwa hiyo uliweza kusimama kama ulivyoweza kuning'inia. Kilichokataa ni ule ufito; sasa uligonga bati. Wakamwita Musyoka, akaja na makaa na mivukuto yake mpaka pale pale njiani. Alipoambiwa ni kupinda, si kuunga, alikubali bila ubishi, akaupinda ukapita mbali na bati, akaupoza, akaujaribu kwa uzito wake wote. Mbinya alikuwa ameketi kivulini mwa mlima na kichwa cha bintiye mapajani, akiisikiliza nyundo. Kila baada ya muda aliweka kiganja juu ya tumbo. Mtoto alicheza, lakini bado alikuwa amekingama. Uchungu ulikuwa haujaanza. Alimwomba Mungu aucheleweshe, na alimwomba kwa sauti ya mtu anayedai haki yake.

Kabla ya adhuhuri gari lilikuwa limeinuliwa tena, mara hii juu ya jeki. Blanketi lilikuwa limefungwa upya mahali pake, Nthenya amelazwa, na Mbinya yuko nyuma yake. Ndolo akapanda kwenye kiti.

"Nazungusha kulia," akasema.

"Zinageuka," Muktar akajibu.

"Sikuuliza kama zinageuka." Usukani ukatulia. Halafu sauti ikapita blanketini, ya chini, ya heshima. "Mwaitu, zinakwenda wapi?"

Mbinya akatoa kichwa nje akaangalia vizuri, hakuwa na haraka.

"Kulia," akasema.

"Na sasa nazungusha kushoto."

"Kushoto."

"Asante, mwaitu."

Wakaondoka. Stelingi ilikuwa nzito na gari lilikuwa na wasiwasi kila lilipokanyaga jiwe, kwa hiyo Ndolo aliliendesha kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa. Katika kila kona ya Kilungu alitaja upande kabla ya kuzungusha, na katika kila kona Mbinya alichungulia akamwambia gurudumu limekwenda wapi. Walipofika chini kwenye njia iliyonyooka hapakuwa tena na haja, wote wawili walilijua hilo, lakini waliendelea. Kushoto kidogo, mwaitu. Kushoto. Kulia, kuna shimo. Kulia. Nthenya akalala usingizi kwa sauti zao. Muktar alisema kwamba katika safari zake zote hajaona gari linaloendeshwa kwa maamkio.

Machakos waliifikia jua likiwa bado juu ya milima. Wauguzi wakampokea Nthenya wakaingia naye, na mlango ukafungwa. Mbinya akaruhusiwa kuingia. Ndolo akabaki uani na gari lake. Uchungu ulianza jioni ile ile, na daktari alikuwa amekwisha kufanya kazi yake. Asubuhi muuguzi alitoka akamkuta Ndolo amesimama pale pale, kofia mkononi.

"Mtoto aligeuka," akamwambia.

"Aligeuka upande gani?" Ndolo akauliza.

Muuguzi akamtazama. "Upande wa kutokea. Una msichana. Mama yake anakula uji."

Baadaye Mbinya alitoka na mtoto amefungwa kitambaa chembamba cha hospitali. Alitaka jua la asubuhi limguse. Alipofika uani alimwona Ndolo kando ya gari, akifungua waya pembe moja baada ya nyingine, mpaka blanketi likaanguka mikononi mwake. Alilikung'uta vumbi la safari, akalikunja vizuri, nne, halafu nane. Kisha akamjia Mbinya kinyumenyume, hatua kwa hatua, uso mlimani, mikono nyuma na blanketi juu ya mikono, mpaka akafika karibu akasimama. Hakusema kitu. Kwa mtu kama Ndolo hilo halikuwa jambo dogo.

Mbinya aliutazama ule mgongo. Aliujua vizuri. Sasa ulikuwa na alama ya vidole vyake begani, vidole vinne vya vumbi jekundu ambavyo mwenyewe hakuviona wala hakuvipangusa.

Akalichukua blanketi.

"Machakos kuna baridi," akasema.

Akalifungua, akamzungushia mtoto mpaka ikabaki pua tu. Halafu akamwambia, "Geuka, Ndolo, umwone mwanao."

Ndolo akageuka. Alikuwa na uso wa mtu mpole, na grisi shavuni.